Injini ikizimika pua ikielekea ziwani

Umeruka kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Futi 300 juu ya ardhi, pua imeinuka, halafu injini kimya. Kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ukishangaa sekunde nne tu kasi inaporomoka na mabawa yanashindwa kuibeba ndege. Sukuma usukani mbele kwanza, kasi ikae kwenye noti (maili za baharini kwa saa) 65 hadi 70. Kuongea na mnara wa kuongozea ndege wa Mwanza kutasubiri.

Kurudi uwanjani, sahau. Kugeuka nyuzi 180 kunakuacha pembeni ya njia ya kurukia, kwa hiyo lazima uzidishe kona kisha urudishe. Ukilaza bawa nyuzi 45, kasi ya chini ya kubebeka inapanda kwa karibu asilimia 19, na huna kimo cha kulipia. Alasiri upepo hutoka ziwani, ndiyo maana unarukia njia namba 30, inayoelekea ziwani. Mbele kuna maji: yakubali, geuka nyuzi chache tu kulia au kushoto.

Ukipata nafasi, funga mafuta, zima magneto (zinazotoa cheche za injini), kisha shusha flapsi, vibao vya nyuma ya bawa, na swichi kuu ya umeme iwe ya mwisho. Flapsi za 172 zinatumia umeme. Ukitanguliza swichi hiyo zinabaki zilipo. Kwa kutua majini bila injini, flapsi za nyuzi 10 zinatosha, kwa noti 60. Fungua komeo za milango kabla ya kugusa maji, maana bodi ikijipinda milango inakwama. Magurudumu ya 172 hayakunjwi. Yakinasa maji ndege inaweza kubinuka. Jaketi la kujiokolea livaliwe kabla ya kuruka, lijazwe hewa ukishatoka nje. Ukilijaza ndani ya ndege iliyopinduka, litakubana juu huku mlango uko chini yako.

Kwepa magugumaji, hata yakionekana kama godoro. Lenga karibu na mitumbwi, lakini si juu ya nyavu. Bukoba, Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kuifikia ndege iliyoanguka ziwani.

Sababu nyingi za injini kuzimika huanzia chini, kabla ya kuruka. Tangi likilala na mafuta nusu usiku wenye unyevu, maji hujikusanya chini ya petroli. Kinga kikombe kila tundu la kumwagia mafuta chini ya tangi, uangalie mstari kati ya maji na petroli. Mtego uko hapa: kikombe kikijaa maji matupu, mstari hauonekani, kila kitu kinang'aa vizuri tu. 100LL, petroli ya ndege ndogo, ni ya buluu. Ukiona haina rangi wala harufu, umekinga maji, endelea kumwaga. Pia chungulia kijibomba cha kupumulia tangi chini ya bawa la kushoto. Nyigu hupenda kukiziba kwa udongo, na tangi lisipopumua mafuta hayashuki.

Na uwanja wenyewe wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, injini inapumua kama iko futi 6,000 na ushee. Rubani asiyepunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa anapanda kwa kujikokota, na zile futi 300 anazipata akiwa ameshaiacha nchi kavu.