Nilivyopiga hesabu ya shahada ya Hisabati kabla ya kulipa ada

Swali lililoletwa kwangu hapa Uyole, Mbeya, lilimhusu binti wa kaka yangu: amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), ana C ya Hisabati na D ya Fizikia, je, shahada ya Hisabati italipa? Nilichukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Anayetaka kufuata njia hii aondoe tarakimu zangu aweke zake.

Gharama kwanza. Ada niliweka 1,300,000 kwa mwaka. Chakula na malazi 10,000 kwa siku kwa wiki 34 za masomo, yaani 2,380,000. Vitabu na vifaa 200,000. Jumla 3,880,000, na kwa miaka mitatu 11,640,000, bado nauli na kompyuta. Kisha niliandika kitu ambacho wazazi wengi hukiruka: kipato anachokiacha. Akibaki kuuza duka Mwanjelwa kwa 200,000 kwa mwezi, miezi 36 ni 7,200,000. Usipoiandika hiyo, shahada itaonekana rahisi kuliko ilivyo.

Tahadhari moja kuhusu mkopo: Bodi ya Mikopo inapima uwezo wa familia, kwa hiyo usipange kana kwamba utapewa wote. Pengo la ada, yaani sehemu ambayo mkopo haukuigusa, linadaiwa Novemba, na Novemba fedha ya mkulima wa huku imelala shambani, kwenye mbegu na mbolea. Sisi tulitenga pengo hilo mwezi wa nane, viazi vilipouzwa.

Upande wa mapato usiandike mshahara wa kwenye barua ya ajira. Andika unaofika mkononi. Nilichukua mfano wa 750,000 serikalini. Mfuko wa pensheni 5% ni 37,500. Inabaki 712,500, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi, 58,500. Bima ya afya 3% ni 22,500. Mkopo wa elimu ya juu 15% ya mshahara wa msingi ni 112,500. Kinachobaki ni 519,000. Kama alikopeshwa zile 11,640,000 zote, makato hayo yatamaliza deni baada ya miezi 104, karibu miaka tisa. Angalia pia usitumie majedwali ya zamani yenye 6% ya kulinda thamani ya mkopo, maana iliondolewa 2021. Kwa deni hili ile 6% ingekuwa 698,400 mwaka wa kwanza, zaidi ya nusu ya 1,350,000 anazokatwa kwa mwaka.

Hesabu yenyewe inageukia kwenye jina la shahada. Mwenye shahada ya Hisabati tupu akitaka ualimu wa serikali anatakiwa kwanza asome stashahada ya uzamili ya elimu, mwaka mmoja zaidi. Mwaka huo una ada yake, na juu yake mshahara ambao angeshaanza kuupokea: 519,000 mara 12 ni 6,228,000. Kwa hiyo kama ualimu ni mlango unaoweza kuuhitaji hata kidogo, chukua shahada ya sayansi na elimu tangu mwanzo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, kinaitoa, na kwa mtu wa Mbeya ni safari ya basi kupitia Makambako na Mafinga, si zile kilomita zaidi ya 800 za Dar es Salaam.

Ila ina hasara yake, na ni lazima isemwe. Masomo ya ualimu yanakula nafasi ya uchambuzi na aljebra dhahania, matawi ya Hisabati ya kuthibitisha, na anayelenga uzamili wa Hisabati atajikuta dhaifu hapo. Kwa mwenye lengo hilo ningeshauri Hisabati tupu bila kusita, mradi alinde GPA, wastani wa alama zake za chuo, isishuke chini ya 3.8, maana hicho ndicho kiwango cha kuajiriwa mkufunzi msaidizi chuo kikuu.

Anayewaza benki au bima aongeze takwimu na uandishi wa programu, R au Python, kuanzia mwaka wa pili. Huko hakuna atakayemuuliza nadharia ya makundi, ile ya aljebra dhahania. Atapewa faili la mikopo elfu kadhaa lenye tarehe zilizoandikwa hovyo, na ataambiwa alisafishe kwanza.

Mwisho nilipima hatari ya kurudia mwaka, kwa sababu mwaka mmoja ukirudiwa unaongeza 3,880,000 na kuchelewesha mshahara. Wengi hupata sapu, mtihani wa kurudia somo walilofeli, mwaka wa kwanza kwa kudhani Hisabati ya chuo ni mwendelezo wa kukokotoa. Kidato cha sita ukiulizwa kikomo cha 3x + 1 wakati x inakaribia 2, unaandika 7 umemaliza. Chuoni unaambiwa uthibitishe: kwa kila epsiloni kubwa kuliko sifuri, ipo delta kubwa kuliko sifuri ambayo x ikiwa karibu na 2 kuliko delta, jibu linakuwa karibu na 7 kuliko epsiloni. Jibu ni delta sawa na epsiloni gawanya kwa 3, lakini maksi ziko kwenye kueleza kwa nini.

Nilimwachia binti swali hilo siku tatu bila msaada. Alirudi na ukurasa mmoja na nusu. Mstari wa tatu alikuwa amegawanya vibaya, ila alionyesha mwenyewe kwamba umbali kutoka 7 ni mara tatu ya umbali kutoka 2, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. "Baba mdogo, hili la kuthibitisha ni tamu kuliko kukokotoa," alisema. Chaguo la kwanza tukajaza sayansi na elimu, Mkwawa. La pili, Hisabati na takwimu.