Siku moja maishani mwangu: kutoka uani kwa bibi hadi meza ya studio

Saa 11 na robo alfajiri

Bibi ameshaanza kukuna nazi. Chumba changu kinapakana na ua, kwa hiyo kabla sijafumbua macho nasikia meno ya mbuzi yakikwaruza ndani ya kifuu, kisha kimya kidogo anapoigeuza nazi, kisha tena. Nazi tatu kila siku, za maharage anayouza barazani pamoja na chapati. Kazi hii ameifanya tangu mama yangu hajaolewa.

Natoka na daftari na tepu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo tena unanipima?"

Leo tena. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa tatu, Chuo Kikuu Ardhi, na muhula huu tuna kazi mbili mkononi. Ya kwanza ni kubuni upya kifaa kimoja cha matumizi ya kila siku. Ya pili ni kubuni makazi ya familia 12 kwenye kiwanja cha mjini ambacho mwanafunzi mwenyewe anakifahamu. Kifaa changu ni mbuzi ya nazi. Kiwanja changu ni hiki hiki tunachoishi hapa Magomeni, ukiunganisha na cha jirani.

Kibao cha mbuzi cha bibi kina kimo cha sentimita 17. Akikikalia, magoti yanapanda juu kuliko kiuno. Kukuna hakumsumbui, mikono yake bado ina nguvu. Tabu inaanza nazi ya tatu ikiisha. Anashika ukuta, anavuta pumzi, anasema "Bismillahi" na kusimama kwa awamu mbili. Ana miaka 71. Sokoni kuna mashine ya kukuna nazi, lakini saa hizi haijafunguliwa. Blenda tunayo, ila umeme ukikatika alfajiri maharage hayasubiri. Na mwenyewe anasema tui la mbuzi analijua kwa mkono. Akikamua anajua kama nazi ilikuwa nzuri.

Nampima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti: sentimita 40. Naandika.

Wakati huo ua umeshaamka wote. Nyumba yetu ni ile nyumba ya Kiswahili ambayo mtu yeyote wa Dar anaijua: baraza mbele, mlango wa katikati, korido, vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu nyuma kuna ua wenye choo, bafu, stoo na banda la jiko. Bibi ana vyumba viwili, vinne vina wapangaji. Wiki mbili zilizopita niliuchora ua huu saa kwa saa, siku nzima. Alfajiri ni ndoo na majiko ya mkaa. Saa 3 ni kufua. Saa 6 mchana kivuli cha stoo kinafika karibu na mwembe na watoto wanahamia hapo. Jioni kuna mtu anasukwa nywele na mwingine anachagua mchele kwenye ungo. Usiku wa joto kali mikeka inatandikwa na watu wanalala nje. Eneo lenyewe ni mita 6 kwa 8 tu, na hakuna chumba ndani ya nyumba hii kinachofanya hata nusu ya kazi hizo.

Saa 1 asubuhi

Mwendokasi kutoka Magomeni Mapipa hadi Ubungo, nimesimama, mfano wa nyumba nimeukumbatia ndani ya boksi. Abiria mmoja amenipisha kwenye kona ili usipondwe, Mungu ambariki.

Nikiwa Magomeni macho yangu huenda Kota kila mara, kwenye yale maghorofa ya familia 644 yaliyozinduliwa Machi 2022. Ninachoangalia ni vibaraza vyake. Kanga zimeanikwa, ndoo zimepangwa, mahali pengine kuna kigoda. Mtu akihamia juu anabeba ua wake, anautandaza kwenye nafasi yoyote aliyopewa. Kazi yangu ya makazi ilianzia kwenye dirisha la basi hili.

Saa 2 na nusu asubuhi

Studio. Harufu ya gundi na karatasi, watu wawili wamelalia mikono mezani kwa sababu hawakurudi nyumbani jana. Natoa mfano wangu, wa kipimo cha 1:50, ghorofa tatu kwa karatasi ngumu. Upenu mmoja umebonyea. Naurudishia kwa gundi na kuubana kwa rula ya chuma.

Jambo ninalolipigania katika mradi huu ni moja: ua upande juu pamoja na watu. Kila sakafu ina familia nne, na kila familia nne zina ua wao wa mita 5 kwa 6, wenye paa lakini wazi upande mmoja na nusu, sakafu imeinamishwa kuelekea tundu la maji, bomba liko ukutani. Humo watafua, wataanika, watakaa na wageni. Na watawasha mkaa, maana wengi bado tunapika kwa mkaa, hasa maharage na makande. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Moshi unauona, ile gesi inayoua haionekani wala hainuki. Ukimpa mtu jiko la ndani lenye dirisha dogo ukategemea atapika kwa gesi siku zote, umemchorea hatari.

Saa 4 asubuhi

Mhadhiri wetu anapita meza kwa meza. Kwangu anavuta kigoda na kukaa, jambo ambalo hufanya akiwa na swali zito.

"Hizi nyua zako tatu zinakula mita za mraba 90. Hizo ni vyumba karibu 10 vya futi 10 kwa 10. Mwenye kiwanja utamwambia nini?"

Nimelala na kuamka na swali hilo. Namwonyesha korido. Katika michoro yangu ya mwanzo, kila sakafu ilikuwa na korido ndefu ya katikati, yenye giza, haina kazi ila kupitia. Nimeiondoa. Sasa mlango wa kila familia unafungukia uani moja kwa moja, na ngazi zinaishia hapo hapo. Mita zilizokuwa za kupita tu zimekuwa za kukaa. Tofauti iliyobaki si mita 90 tena, ni kama 35.

Anakubali kwa kichwa, kisha anauliza upepo unapita wapi. Hapo nina raha, kwa sababu hili nimelifanyia kazi. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa: kusi inatoka kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Zote zina mashariki ndani yake. Kwa hiyo nyua zote nimezielekeza mashariki zipokee upepo wa misimu yote miwili, na magharibi, kunakopiga lile jua la saa 10 linalochemsha kuta, nimeweka ngazi, vyoo na stoo ziwe ngao. Vyumba vya kulala vinatazama kaskazini na kusini, upenu umetoka mita 1.2, na juu ya kila mlango kuna matofali ya matundu ili hewa ya moto itoke hata mlango ukifungwa usiku.

"Na tangi la maji?"

Kimya. Nilikuwa nimeweka simtanki la lita 1,000 kwenye kona ya kila ua kwa sababu ndivyo lilivyo nyumbani. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Nimeiweka tani moja kwenye ncha ya zege inayoning'inia, sakafu tatu, bila nguzo chini yake. Ananyoosha kidole pale pale na hasemi neno. Nayasogeza matangi hadi ukuta wa vyoo, juu ya nguzo, na bomba linafupika. Imenichukua saa nzima kuchora upya mikato mitatu, ile michoro inayoonyesha jengo kama limekatwa wima, lakini jengo sasa lina adabu.

Saa 7 mchana

Wali maharage na mchicha. Maharage si ya bibi.

Tukiwa mezani tunazungumzia Soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli ya miaka ya 1970. Mwaka wa kwanza tulipewa kazi ya kuchora paa lake, ile miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua na wakati huo huo kuyakusanya maji ya mvua katikati na kuyateremsha chini. Soko hilo liliungua Julai 2021, na watu wa fani hii wengi tuliumia kama tumefiwa. Ninachokipenda pale ni kwamba kivuli na maji vimepatikana kwa umbo moja. Mvua ya masika ikiipiga Dar unaelewa mara moja kwa nini paa linapaswa kuyafikiria maji kabla ya uzuri.

Saa 9 alasiri

Karakana ya fundi seremala, Manzese. Amekuwa akinisaidia na mbuzi kwa wiki tatu, na kusema kweli nimejifunza kwake kuhusu mbao kuliko kwenye makabrasha.

Mfano wangu wa kwanza ulishindwa. Niliunyanyua tu kibao cha zamani hadi sentimita 45, kimo cha kiti. Bibi alipokaa na kuanza kukuna, vitu vitatu vilitokea kwa dakika moja. Kibao kiliinamia mbele, kwa sababu anayekuna anakandamiza nazi kwenye meno, na meno yamechomoza mbele ya miguu ya kibao. Chini karibu na ardhi kuinama huko hakuna madhara. Juu, kunamwangusha mtu. Pili, nazi ilirukia kila mahali, maana sinia lilikuwa mbali chini. Tatu, miguu yake ilikuwa inaning'inia, hana pa kukanyagia apate nguvu. Nilichukua vipimo vya kiti badala ya kuchukua vya bibi.

Leo tunaunda wa tatu. Kimo sentimita 38, mbili chini ya goti lake, ili visigino vikae sakafuni. Miguu ya mbele inavuka na kutokeza hadi chini ya meno kabisa, kwa hiyo mkandamizo unashuka wima kwenye ardhi. Miguu hiyo hiyo imebeba kipande cha ubao chenye ukingo cha kuwekea bakuli, sentimita 14 chini ya meno. Na lazima kikunjwe kama cha zamani, kitundikwe ukutani. Mbuzi isiyokunjwa inageuka kikwazo uani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Tundu hili la bolti umelichora karibu na kichwa cha ubao. Utapasuka."

Anachukua penseli kutoka sikioni, anasogeza alama vidole vitatu ndani. Ananionyesha nyuzi za mninga zinavyokwenda na kwa nini bolti ikikaa mwisho wa nyuzi inaugawa ubao kama kabari. Tunatoboa, tunapiga randa kingo, napiga msasa mwenyewe mahali pa kukalia hadi kiganja kinateleza. Meno ni ya chuma, yale yale ya kibao cha zamani. Bibi alikataa mengine. Fundi anayafunga kwa skrubu mbili na kuyatikisa kwa nguvu zake zote. Hayachezi.

Saa 12 jioni

Ua umejaa. Wapangaji wote wanajua habari ya mbuzi hii, kwa hiyo hakuna aliyeingia ndani.

Bibi anajifunga kanga vizuri, anakaa. Visigino chini. Anashika nusu ya nazi kwa mikono miwili, anaiegemeza kwenye meno na kuanza na ukingo, taratibu, akizungusha kuelekea katikati. Nachuchumaa nione miguu ya mbele. Imetulia. Nazi inadondoka bakulini nyeupe, laini, na chache tu ndizo zinazoruka pembeni. Anamaliza kifuu kizima. Anaweka mikono magotini na kusimama mara moja, bila ukuta.

Mama mpangaji wa chumba cha nyuma amepiga kigelegele. Mimi nimeshindwa kuongea.

Bibi ana maoni, bila shaka. Mahali pa kukalia ni papana mno, panamkata mapajani, nipunguze. Ubao wa bakuli uwe na kizuizi nyuma, maana bakuli linarudi likigongwa. Nayaandika yote mawili. Kisha anaitazama tena ile mbuzi na kuniuliza, bila utani wowote:

"Sasa huko ghorofani kwako, hii nitakaa nayo wapi?"

Nafungua ramani kwenye mkeka, namwonyesha ua wa sakafu ya pili. Anaweka kidole. Hapa bomba. Hapa majiko. Hapa milango ya familia nne. "Mtu anayekuna nazi," anasema, "hakai njiani, na hakai mbali na maji. Na anataka aone mlangoni nani anaingia." Bomba na majiko nimeyaweka pande mbili tofauti. Ukikaa karibu na maji, mgongo unaelekea ngazi.

Saa 4 usiku

Umeme upo. Nimebandika karatasi mpya juu ya ramani ya sakafu ya pili. Nimehamisha bomba likae ukuta mmoja na majiko, hatua mbili kati yake, na upepo wa mashariki uutoe moshi nje badala ya kuuleta milangoni. Nguzo moja imenibidi niisogeze sentimita 30 kwa sababu ilikuwa inamziba mtu aliyekaa asione ngazi. Kesho nitaulizwa kwa nini nguzo haiko kwenye mstari na zenzake. Nitamweka mtu wa kukuna nazi kwenye mchoro na kuchora macho yake yanakokwenda.

Nimechora mbuzi yenyewe kwenye ramani, ikiwa imefunguliwa, sentimita 60 kwa 90 pamoja na mtu aliyekaa. Halafu nimeichora ikiwa imekunjwa ukutani, na ndoano yake kwenye kimo cha mita 1.3, kwa sababu bega la kulia la bibi halipendi kupanda zaidi ya hapo. Nimelipima alipokuwa anaanika kanga.