Nyumba yangu ya kiwandani Texas: tulivyoanza na maji, jeki ikafuata

Aliyewahi kujenga Kitengela au Athi River anaujua udongo mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kung'ang'ania viatu. Kiangazi kikija unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Udongo wa jamii hiyohiyo ndio ulio chini ya nyumba yetu, kusini mwa Dallas. Nyumba yenyewe ilitoka kiwandani ikiwa vipande viwili, kila kipande juu ya fremu ya boriti za chuma. Ikavutwa na lori, ikaunganishwa katikati, kisha ikakalishwa juu ya nguzo za matofali ya zege yaliyopangwa tu bila saruji. Hakuna msingi wa kuchimba kama tuliouzoea. Udongo ukicheza, nguzo zinacheza, na nyumba inafuata.

Dalili zilianza kidogokidogo. Mlango wa chumba cha watoto ukawa unakwama, ufa ukatokea kwenye pembe ya dirisha la sebuleni, na sakafu ikaanza kubonyea pale vipande viwili vinapokutana. Kampuni ya kwanza niliyoita ilinipa bei ya kuinua na kusawazisha nyumba bila hata kuzunguka nje kuona maji ya paa yanaelekea wapi. Jirani yetu, mzee mmoja wa Uvira, Kongo, alikwisha kupitia hayo. "Ndugu yangu," akaniambia, "kila mwaka wanainua, kila mwaka inalala tena. Mimi nimechoka kulipa." Nikaamua sitalipa jeki hata moja kabla ya kujua maji yanatoka wapi.

Nilianzia kwenye karatasi ya taarifa ya kiwanda. Nyumba za aina hii zilizotengenezwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976 zinafuata kanuni za serikali kuu ya Marekani, na karatasi hiyo hubandikwa ndani, mara nyingi kwenye kabati la jikoni au karibu na kisanduku cha umeme. Inataja kiwanda, namba ya nyumba na ukanda wa upepo ambao nyumba imetengenezewa. Kwa namba ile kiwanda kikanitumia kitabu cha usimikaji chenye mchoro wa kila nguzo. Kila mwenye nyumba kama hii akitafute kitabu hicho leo, hata kama nyumba haina tatizo, kwa sababu fundi asiye na mchoro anabahatisha.

Kuingia chini nilivaa ovaroli na glavu, nikabeba tochi na fimbo. Huku kuna buibui mweusi mwenye alama nyekundu tumboni, na anapenda sana giza la namna hiyo. Umeme niliuzima kabla, maana kitambaa cheusi kinachofunika tumbo la nyumba kilikuwa kimening'inia chini ya bafu kama kiriba. Nilipokitoboa kwa ncha ya kisu, maji yalijaza ndoo. Kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kinavuja polepole, pamba ya fibaglasi imelowa hadi ikaanguka kwa uzito, na chini yake ardhi ilikuwa tope ilhali uwanjani udongo umepasuka. Nguzo mbili za hapo zilikuwa zimezama na kuinama. Nikatambaa hadi ukingo wa kusini, penye jua, nikakuta kinyume chake: udongo umesinyaa, nguzo imeshuka nao, na kabari nikaishika kwa vidole viwili ikatoka bila kubisha. Juu yake boriti haikuwa imelalia kitu.

Nguzo nzima inatakiwa iwe hivi. Chini kabisa kuna bamba pana la kutawanya uzito. Juu yake matofali yanasimama matundu yakielekea juu na chini, si ubavuni, kwa sababu tofali lililolazwa linapasuka. Kisha inakuja kofia ya zege au mbao ngumu, na mwisho kabari mbili zinazopigwa kutoka pande mbili zinazokabiliana. Kabari hizo zisichukue zaidi ya inchi 1 ya kimo. Pengo likizidi hapo, linazibwa kwa kofia nene zaidi. Nguzo ikivuka inchi 36, tofali mojamoja halitoshi tena, yanapangwa mawili mawili kwa kupishana.

Maji yalikuwa na milango mingine. Bomba la mashine ya kukausha nguo lilikuwa limechomoka, likawa linapumua mvuke wote chini ya nyumba. Upande wa nyuma hapakuwa na gata, na ardhi ilielekea nyumbani. Tulirekebisha bomba, tukafunga gata, tukaleta udongo wa kujaza na kuushindilia uinamie nje: nusu inchi kwa kila futi, katika futi 10 za mwanzo. Kazi hii ya koleo na toroli ndiyo iliyotuchosha kuliko zote, na ndiyo iliyosaidia kuliko zote. Baadaye nilitandika polithini ya mil 6 (unene wa sehemu sita za elfu moja ya inchi) chini ya nyumba nzima, kila shuka likilalia jingine inchi 12. Polithini inabadilisha hata hesabu ya matundu ya hewa kwenye sketi ya nyumba, yaani kizuizi kinachozunguka pengo la chini. Nyumba ya futi za mraba 1,500 huhitaji matundu ya jumla ya futi za mraba 10. Polithini ikitandikwa, kanuni inakubali futi ya mraba 1. Mimi niliyaacha yote wazi.

Tukaiacha ardhi ikauke na kutulia. Mzee wa Uvira alikuja kunishikia mpira wa maji, uleule mpira mwangavu ambao mafundi wetu hupigia levo kwenye viwanja vya kwetu, tukapima nguzo moja baada ya nyingine na kuandika tofauti kwa chaki kwenye boriti. Kuinua kwenyewe niliwaachia wenye leseni ya jimbo. Ofisi ya nyumba za kiwandani ya Texas ina orodha yao, na unaweza kuangalia leseni ya mtu kabla hajafika kwako. Fundi tuliyempata alilegeza kwanza mikanda ya chuma inayofunga nyumba kwenye nanga za ardhini, akaanza na mstari wa katikati, akapandisha kidogokidogo huku msaidizi wake akisikiliza ndani ukuta unasemaje. Kila jeki ilikuwa na magogo ya akiba pembeni yake. Usikubali mtu yeyote aingize kichwa chini ya boriti iliyoshikwa na jeki peke yake, hilo linaua.

Mlango wa watoto sasa unafunga kwa kusukumwa na kidole. Kitambaa cha tumbo nimekitia kiraka na kurudishia pamba mpya, kwa sababu Februari 2021 Texas ilionyesha baridi inavyofanya kwa mabomba yaliyo wazi. Iliyobaki ni mikanda miwili ya upande wa kaskazini ambayo kutu imeila karibu na nanga. Mipya imeshafika, na fundi anaifunga kabla dhoruba za Aprili hazijaanza.