Ritifaa iliyoninyima Murang'a
Ramani yangu ya msongamano wa watu Kenya, sensa ya 2019, ilikuwa na kaunti 46 zenye rangi na moja ya kijivu: Murang'a. Saa mbili nzima nikailaumu elementi (kipande cha ukurasa wa wavuti) niliyoiunda mwenyewe kuchora ramani, ramani-kaunti. Kumbe faili la mipaka lilitumia ritifaa iliyopinda (’), la takwimu iliyonyooka ('). Kwa macho ni jina lilelile; kwa kompyuta, mbingu na ardhi. Nikaacha kuunganisha mafaili hayo mawili kwa majina, nikatumia namba za kaunti: Murang'a ni 021. Zisome kama maandishi, la sivyo sifuri ya mbele inapotea. Rangi nazo nikazigawa kwa makundi, maana Nairobi, yenye watu zaidi ya 6,000 kwa kilomita ya mraba, ilifanya Marsabit na Nyeri zifanane weupe.