Dirisha Mkabala na Dirisha

Mimi hushona mapazia. Kibanda changu kiko Umoja, hapa Nairobi, na wateja wangu wengi wanakaa Pipeline, kwenye zile fleti zilizobanana hadi ukinyoosha ufagio dirishani unagonga ukuta wa ploti ya pili. Ndiyo maana mteja akija simuulizi rangi kwanza. Namuuliza, "Dirisha lako linatazama wapi?" Likitazama barabara, neti peke yake inatosha. Likitazama dirisha la mwenzako, lazima tuweke kitambaa kizito nyuma ya neti, kwa sababu giza likiingia na stima ikiwaka, neti haifichi kitu. Jirani atajua kama leo ni sukuma au ni nyama.

Februari mwaka jana nilipata kazi Westlands, kwa mama mmoja mzee Myahudi. Amezaliwa hapa hapa Kenya na Kiswahili chake kimenyooka. Nilipotoa tepu kupima dirisha la chumba cha kulia, nikamuuliza swali langu la kila siku. Akavuta kiti akakaa.

"Fundi, nani amekufundisha Mishna?"

Mishna ni nini, sikujua. Akanieleza kwamba ni mkusanyo wa sheria za marabi wa kale, uliokamilika yapata mwaka wa 200, na kwamba ndani yake kuna sehemu ya mambo ya mali na majirani inayoitwa Bava Batra. Humo imeandikwa kwamba watu wanaotumia ua mmoja, mtu asitoboe mlango mkabala na mlango wa mwenzake, wala dirisha mkabala na dirisha. Kama lake lilikuwa dogo, asilipanue. Kama lilikuwa moja, asiongeze la pili. Lakini upande wa barabara, wanakopita watu wote, hapo ana ruhusa. Nilishika mdomo. Hayo ndiyo ninayosema kibandani miaka yote hii, na kumbe kuna watu waliyaandika zamani namna hiyo.

Sheria hiyo ilitoka wapi? Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, yenyewe inauliza, na Rabi Yohanan anajibu kwa habari ya Balaamu, yule aliyeitwa na mfalme wa Moabu aje awalaani Israeli. Balaamu aliinua macho akawaona wamepiga kambi kabila kwa kabila. Aliona nini? Aliona kwamba milango ya mahema yao haitazamani. Akasema watu hawa wanastahili Mungu akae kati yao, na laana ikamgeukia kinywani ikawa baraka: "Mahema yako ni mazuri namna gani, Ee Yakobo." Mama aliniambia maneno hayo ndiyo Wayahudi husema asubuhi wakiingia sinagogi. Sinagogi ya Nairobi iko pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Jiwe la msingi la kwanza liliwekwa 1912, na jengo la sasa ni la 1955. Nimepita hapo na matatu za Westlands mara nisizoweza kuhesabu, wala sikuwahi kujiuliza watu wa humo huanza sala na neno gani.

Mimi ni mtu wa kanisa. Habari ya kutamani cha jirani nimeisikia tangu utotoni, na kila mara nimeambiwa dawa yake ni kuomba moyo ubadilike. Sikuwahi kusikia kwamba unaweza kuanza na fundi wa mawe. Moyo tuuombee, ndiyo, lakini kwanza dirisha lisogee kidogo. Tena marabi hawakumfikiria tu yule anayechungulia. Wanaiita kwa Kiebrania *hezek re'iyah*, madhara ya kuona, na anayedhurika ni yule anayeonwa. Jicho langu likikaa nyumbani mwako muda mrefu, nimekuumiza hata kama sijagusa kijiko. Waliichukulia sawa na moshi wa jiko lako unaoingia kwa mwenzako.

Maneno hayo yalinichoma, na sababu ninayo.

Kuna jirani yangu wa kazi, tumeachana vibanda viwili. Alikuwa na cherehani ya umeme ya kiwandani, ile inayopita mikunjo minne ya kitambaa kizito bila kuruka mshono. Yangu ilikuwa ya kukanyaga. Nikifika kwenye kona ya upindo nazungusha gurudumu kwa mkono, na sindano ikivunjika naanza upya. Meza yangu ilikuwa inatazama kibanda chake. Siku nzima nasikia mlio wake, nahesabu wateja wake, najua nani amelipa na nani ameweka arabuni. Daftari langu mwenyewe silijui hivyo. Usiku nikilala nausikia mlio bado. Kitabu cha Mithali kinasema husuda ni ubovu wa mifupa, na mimi kweli nilikuwa naamka viungo vimekaza.

Nikamwomba aniuzie. Akakataa. Nikaomba tena. Nikamtuma mwenyekiti wa chama chetu azungumze naye, nikamtuma na shemeji yake. Nikapandisha bei kutoka 28,000 hadi 32,000, mpaka 38,000. Januari karo ikambana, akakubali. Nilimtumia pesa zote kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, nikajiambia kwamba nimemsaidia. Alipokuja kunikabidhi, alitoa kitambaa akaipangusa mafuta, kuanzia kichwani hadi chini ya sahani ya sindano. Halafu akaukunja waya wake taratibu, akaufunga kwa kipande cha lasi nyeupe. Hakuniangalia usoni.

Niliporudi Westlands kutundika mapazia, nilimuuliza mama yule Wayahudi wanasema nini juu ya kutamani kitu cha mtu na kukinunua kwa haki. Sikumwambia ni mimi. Akaleta kitabu cha Rambam, Rabi Moshe ben Maimon, mwanasheria wao mkubwa aliyefariki Misri mwaka wa 1204, akanitafsiria polepole. Anayetamani nyumba ya mwenzake, au vyombo vyake, au chochote anachoweza kuuziwa, kisha akamlemea, akamtumia marafiki na kumsihi mpaka akakitoa, huyo amevunja amri ya "usitamani", ingawa amelipa pesa nyingi.

Nilikuwa juu ya stuli, pete za pazia zimenijaa mkononi.

"Hata kama amelipa?"

"Ndivyo alivyoandika, fundi. Pesa nyingi."

Akaendelea. Kutamani moyoni na kupanga namna ya kukipata ni kosa la peke yake, na kwa Kiebrania lina kitenzi chake, kile kilicho katika Kumbukumbu la Torati. Tamaa huzaa kusihi, na mwenye mali akikataa kabisa, kusihi huzaa unyang'anyi. Mfano wa Rambam ni mfalme Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi. Ahabu naye alianza kwa kutaja bei nzuri. Mwisho wake Nabothi alipigwa mawe.

Kuna rabi mwingine, Abraham ben David wa kusini mwa Ufaransa, aliyeishi wakati mmoja na Rambam na kumpinga katika mengi. Yeye alisema muuzaji akitamka mwishowe "nimekubali", mnunuzi hana kosa hilo. Nakiri kwamba nilimshikilia rabi huyo kwa wiki nzima. Jirani yangu si alitamka? Alisema, "Haya, chukua." Nilikuwa nayarudia maneno hayo kwenye matatu. Lakini kila nilipochomeka waya nilikuwa naifungua ile lasi kwanza, na usiku naufunga tena vile vile, maana sikuthubutu kuitupa.

Neno la Kiyahudi juu ya kuridhika linalojulikana zaidi ni la Ben Zoma: "Ni nani tajiri? Yule anayefurahia fungu lake." Awali sikulipenda. Limefanana mno na mahubiri wanayohubiriwa wapangaji ili wasiulize kuhusu maji. Kisha mama akanipa neno jingine la Ben Zoma huyo huyo, na hili sikulisahau, kwa sababu ni habari ya nguo. Ben Zoma aliona umati wa watu pale kwenye Mlima wa Hekalu, akasema: Adamu alitaabika kiasi gani kabla ya kupata vazi! Alikata manyoya, akayaosha, akayachambua, akasokota, akafuma, ndipo akavaa. Nami naamka asubuhi nakuta vyote hivi vimekwisha kutengenezwa mbele yangu.

Siku iliyofuata nilikuwa Eastleigh kuchagua vitambaa. Niliweka kiganja juu ya jora moja zito la kijivu, nikajaribu kuhesabu mikono iliyopita hapo kabla ya wangu. Aliyelima pamba. Aliyefuma. Aliyetia rangi. Kijana aliyelibeba begani kutoka kwenye lori. Nikiwa bado nahesabu, ukanijia mkono nisioutarajia. Mwaka wangu wa kwanza sokoni sikujua kugonga pete; nilikuwa natoboa kitambaa kikichanika. Aliyenishika mkono akanionyesha pa kuweka nyundo ni yule jirani. Fungu langu lote, kila pazia la pete nililouza tangu siku hiyo, lina mkono wake ndani. Nilikuwa nimesahau kabisa. Macho yalikuwa kwenye mashine.

Niliporudi nikaigeuza meza yangu ikatazama barabara. Jumatatu nikaenda kwake, nikamwambia yote, pamoja na watu niliowatuma, na kwamba nataka aichukue tena mashine yake kwa bei ile ile, atalipa kidogo kidogo anavyoweza, hata ikichukua miaka.

Alikuwa anakata uzi kwa meno. Akanyamaza muda mrefu.

"Ile pesa ni karo sasa," akasema. "Na karo haijaisha. Kaa nayo." Akachukua kipande kingine. "Ila Jumatano nina mapazia ya kanisa, kitambaa kizito. Hii yangu haitaweza."

Tangu hapo Jumatano mchana ni zake. Huja na jora lake begani, anakunja shuka na kuliweka juu ya stuli kwa sababu ni mfupi kuniliko, anafungua lasi, anachomeka waya. Mimi nakaa upande wa pili nikipiga pasi. Upindo wake hunyooka kuliko wangu, naye ameanza kunionyesha jinsi anavyokishika kitambaa kwa vidole viwili tu, bila kukivuta. Mara ya kwanza alipokaa hapo aliinua kichwa akaangalia mbele, akaona magari na watu wanaopita.

"Umegeuza meza," akasema.