Watu wa roshani ya juu

Jumapili, saa tano usiku

Wiki hii nimekwenda tena kutazama Les Misérables, mchezo wa kuimba jukwaani uliotokana na riwaya ya Mfaransa Victor Hugo. Dada yangu aliyeko Tanga, ambaye kila pauni ninayotumia huku huigeuza kwanza kuwa shilingi ndipo anipe maoni yake, aliniuliza kama safari hii Jean Valjean, mhusika mkuu, hakufa. Amekufa, dada. Hufa jioni sita kwa wiki, na siku mbili kati ya hizo huwa ameshakufa na mchana. Ndivyo kazi ilivyo katika kumbi za London: maonyesho manane kwa wiki, na mchezo huu umekuwa ukienda hivyo tangu Oktoba 1985, ukiacha mapumziko ya ukarabati na ule wakati wa korona, kumbi zote zilipofungwa Machi 2020.

Alikuwa ananichokoza tu, lakini swali lake lina haki. Mtu mzima anajua nani atakufa, wapi, na kwa wimbo gani. Kwa nini alipe hela kwenda kuona akifa tena? Nimelifikiria tangu jana, na nimeona niandike kabla zamu za wiki hazijanimeza.

Sikuanza kwa mapenzi. Mwenzangu kazini alikuwa na tiketi ambayo asingeweza kuitumia, akanipa. Siku hiyo nilifuata hadithi tu: mtu aliyefungwa miaka 19 kwa sababu ya mkate na kujaribu kutoroka, askari anayemwandama maisha yake yote, mama anayeuza nywele zake ili mwanawe ale, vijana wanaojenga kizuizi barabarani na kufia juu yake. Nililia pale ambapo kila mtu hulia. Nikarudi kwa ajili ya nyimbo. Baadaye ndipo nilipoanza kuona watu.

Wa kwanza kuwaona walikuwa wenzangu wa roshani ya juu. Ukumbi uko Shaftesbury Avenue, kwenye kona ya Wardour Street. Tangu 2019 unaitwa Sondheim, ila wazee wa roshani bado wanasema Queen's. Kule juu ngazi ni kali, magoti yanagusa kiti cha mbele, na ukikaa pabaya ukingo unakula kipande cha jukwaa. Lakini ndiko tiketi za bei nafuu ziliko. Wageni hupanda wakihema na kupiga picha dari. Wenyeji utawajua kwa mambo madogo. Wakiingia hawakimbilii kijitabu cha mchezo; wanakwenda kwanza kwenye ubao wa majina kusoma nani anacheza leo. Peremende zao hufunguliwa kabla taa hazijazimwa. Na ukiwauliza wameona nini, hawakutajii mchezo, wanakutajia mtu: nimemwona fulani akiwa Javert, yule askari.

Yupo dereva wa basi ambaye hupanga likizo yake kwa kufuata likizo za waigizaji. Yupo bibi mmoja wa Kiingereza aliyeanza kuutazama ukiwa Palace, ukumbi mwingine wa London, ulikohamia Desemba 1985 ukitokea Barbican, na ulikokaa hadi 2004. Bibi huyo hupenda kusimulia jinsi wahakiki walivyouponda mchezo wiki ya kwanza, na jinsi watu walivyozinunua tiketi vilevile. Huisimulia kwa uchungu, kana kwamba ni yeye aliyepondwa. Wengine wana daftari lenye tarehe, kiti na majina ya waigizaji wa kila jioni. Mimi sina daftari na sihesabu, kwa sababu dada angeniomba jumla.

Sasa nikae hapa kidogo, maana ndipo penyewe.

Katika kundi la mchezo mkubwa kuna wenye majina, kuna waigizaji wa akiba, na kuna wale ambao mtu wa mpira angewaita viraka. Kiraka hana nafasi yake ya kila jioni. Amejifunza nafasi kadhaa za watu wa nyuma, na mwenzake akiteguka mguu au akiamka hana sauti, yeye anavaa na kuingia, pengine kwa taarifa ya saa moja, na imewahi kutokea katika kumbi hizi mtu akabadilishwa katikati ya onyesho. Fikiria kinachotakiwa. Mtu mmoja wa nyuma katika Les Misérables huanza kama mfungwa, akawa mkulima, akawa polisi, akawa mlevi wa baa, akawa mwanafunzi mwenye bunduki, akafa, kisha akafufuka kuwa mgeni wa harusini aliyepaka poda. Kila mmoja wa hao ana nguo yake, ana noti yake katika sauti zinazopandana, na ana njia yake ya kupita gizani bila kukumbana na meza inayosukumwa. Kiraka hubeba njia za watu kadhaa kichwani, na akikosea hatua mbili anamwumiza mtu.

Usiku mmoja wa baridi tulitangaziwa kwamba Valjean angechezwa na mwigizaji wa akiba. Familia ya watalii mbele yangu ikaguna. Walikuwa wamesoma jina jingine. Upande wetu watu wakakaa wima. Kijana huyo tulikuwa tumemtazama miezi mingi nyuma kabisa, akiwa na mstari mmoja hapa na nusu mstari pale, na sasa alikuwa amevaa koti la meya, cheo ambacho Valjean hukifikia baada ya kifungo. Sehemu ya pili ya mchezo kuna ile sala yake usiku kwenye kizuizi, wimbo ambao sauti inapanda mpaka inakuwa nyembamba na inatakiwa ibaki huko huko juu bila kutetemeka, huku wanafunzi wamelala pande zote. Alipoufikia sikumtazama yeye. Niliwatazama waliolala. Jioni nyingine zote hulala kabisa, vichwa vimeanguka. Usiku ule mmoja wao alikuwa amefumbua macho, anamwangalia mwenzake, na midomo yake inatamka maneno yote pamoja naye bila sauti.

Familia ya mbele yangu haikuliona hilo, na halikuwekwa ili lionwe. Wao walikuwa na hadithi ya kufuata. Ukishaijua hadithi, macho yanakuwa huru kutembea. Hilo ndilo jibu nililokuwa namtafutia dada: nalipia ule uhuru. Anayekuja mara moja anamwangalia anayeimba, na ni haki yake. Anayerudi ana nafasi ya kumwangalia anayesikiliza, anayebeba kiti, anayemshika mkono kwa siri mwenzake aliyeteleza. Ndivyo nilivyopata kujua, kwa mfano, kwamba katika utayarishaji wa zamani mwanamke aliyecheza Fantine, yule mama anayeuza nywele, akishakufa mapema, alirudi baadaye amevaa nguo za kiume miongoni mwa wapiganaji wa kizuizini. Hakuna aliyenifundisha mpaka bibi wa Palace aliponigusa bega na kuninyooshea kidole.

Tuje kwenye ugomvi. Utayarishaji wa kwanza uliongozwa na Trevor Nunn na John Caird, na jukwaa lilibuniwa na John Napier: sakafu yenye duara linalozunguka. Watu walitembea miaka bila kufika popote, na Paris ikazunguka chini yao. Mimi niliuwahi mwishoni mwishoni. Baada ya mapigano ya mwisho kizuizi kizima kiligeuka taratibu, hakuna anayeimba, na upande wa pili akaonekana Enjolras, kiongozi wa vijana, ananing'inia kichwa chini juu ya bendera yake nyekundu. Julai 2019 mchezo huo ulifungwa, ukumbi ukafanyiwa ukarabati, na Desemba ukaja utayarishaji mpya, ambao ulikuwa tayari umeshazunguka miji mingine kwa miaka kadhaa. Duara halipo. Nyuma ya waigizaji hutupwa picha zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, maana mzee huyo alichora pia. Enjolras sasa hupitishwa kwenye mkokoteni.

Roshani iliwaka. Walioufahamu mchezo kwa miaka mingi waliandika barua, wengine wakaapa hawataingia tena (na wakaingia). Mimi nauona mpya una nguvu yake, una kasi, na michoro ile ni mizuri. Lakini ule ukimya wa kuzunguka naukosa, kwa sababu ulikupa muda wa kuwatafuta wafu mmoja mmoja. Mkokoteni unapita na kwenda zake.

Mwaka 2021 yakatokea mengine kwa jirani. The Phantom of the Opera, mchezo mwingine wa kuimba, iliyoanza London 1986, ilirudi baada ya korona ikiwa na wapiga ala 14 badala ya 27. Mwenye mali ana hesabu zake, na mgeni anayekaa kitini mara moja katika maisha yake atasikia muziki mzito kutoka spika nzuri aondoke ameridhika. Anayejua ni fidla zipi hazipo ni yule aliyezisikia miaka mingi. Ndiyo maana siwacheki tena watu wa madaftari. Mchezo wa jukwaani hauachi kitu ukiisha, na mwenye ukumbi hana sababu ya kutangaza alichopunguza. Kumbukumbu imebaki kwa dereva wa basi.

Wana kero zao pia, nisiwapambe. Wapo wanaojifanya askari wa mchezo. Mgeni akisema ni hadithi ya Mapinduzi ya Ufaransa utasikia safu nzima ikivuta pumzi, kisha atapewa somo bila kuomba: mapinduzi yale ni ya 1789, haya ni maasi ya Juni 1832, siku mbili tu, Paris. Ni kweli kabisa. Lakini mwacheni mtu anywe maji yake. Na wapo wanaomganda mwigizaji mlango wa nyuma kila usiku mpaka anakosa treni. Mimi mlango wa nyuma siendi. Mtu ametoka kazini, na mimi pia nikitoka zamu sipendi kusimamishwa.

Kurudia huku si ugonjwa wa London. Seoul nafasi kubwa moja hugawanywa kwa waigizaji wawili au watatu wanaopokezana, kwa hiyo mpenzi wa mchezo anarudi kuona huyu akicheza na yule, na kumbi zenyewe humpa kadi ya kugongwa muhuri kila anapokuja, apate punguzo. New York, mchezo wa kuimba uitwao Rent ulipoanza 1996, viti vya safu mbili za mbele viliuzwa dola 20 siku ileile ya onyesho. Vijana wasio na hela walilala kwenye lami ya mtaa wa 41 ili wavipate, mpaka utaratibu ukageuzwa kuwa bahati nasibu. Watu huwasimulia vijana wale kama vichaa. Mimi naona walijua kuhesabu kuliko mtu yeyote pale. Mtu harudii kitu kinachomgharimu mshahara wa wiki. Leo kiti kizuri cha chini London kinaweza kupita pauni 100 bila mtu kushtuka, na nikitazama roshani yetu naona vichwa vyeupe vingi kuliko vijana. Wenye ukumbi wangelifikiria hilo, kwa faida yao wenyewe.

Kwetu pwani jambo hili wala halihitaji kujieleza. Nenda Zanzibar kwenye taarab ya wakongwe, vikundi kama Ikhwani Safaa au Culture, uangalie kinamama. Wimbo umeimbwa tangu hawajaolewa, na kila ubeti wanaujua. Mama anainuka kitini kabla ubeti wake haujafika, noti iko mkononi, anacheza pole pole kuelekea kwa mwimbaji, na anafika mbele sekunde ileile neno linapotoka. Anamtunza, anarudi kukaa. Hakuna anayemwuliza kama alikuwa amesahau wimbo unavyoisha. Na anatunza huyu mwimbaji wa leo, kwa alivyouimba leo, huku akijua vizuri marehemu fulani alivyokuwa akiuimba. Nadhani dada nikimweleza hivyo atanyamaza, ingawa ataniambia taarab ni nyumbani na tiketi yake ni rahisi kuliko yangu.

Kundi la sasa linakaribia kumaliza mkataba. Kila mara waigizaji wanapobadilishana, onyesho lao la mwisho la mchana huwa na vituko: mtu anabandika masharubu yasiyo yake, kitu cha ajabu kinatokea ndani ya kapu la baa, na wenye kuujua mchezo hucheka mahali ambapo wengine hawaoni cha kuchekesha. Jioni yake watu wanalia, jukwaani na juu. Tiketi za siku hiyo zimeshakwisha, dereva wa basi anayo, mimi sina.

Kundi jipya likianza, wenzangu wengi watakuwepo usiku wa kwanza. Mimi nitasubiri mwezi mmoja hivi. Usiku wa kwanza kila mtu jukwaani anafikiria mguu wake uende wapi. Napenda kuwakuta wameshazoea, wameanza hata kuchoka kidogo, maana hapo ndipo wanapoanza kutazamana.