Kasha la bibi sebuleni

Kasha la zamani la Kizanzibari, lile la misumari ya shaba na droo chini, hupendeza likiachiwa uzee wake. Msasa na vanishi mpya huondoa rangi ambayo mbao zimeipata kwa miaka mingi, na hairudi.

Kabla ya kuliingiza ndani, kagua miguu na mgongo. Matundu yanayomwaga unga mpya yana wadudu hai. Litiwe dawa kwanza.

Shaba isugue kwa ukwaju na chumvi kidogo, kwa pamba ya masikioni, msumari mmoja mmoja. Futa ndani ya dakika 2 kwa kitambaa chenye maji, kisha kausha. Asidi ikikaa huacha madoa mekundu, na ikipenya chini ya kichwa cha msumari hutoa kutu ya kijani inayochafua mbao. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Nje paka mafuta ya kitani, tabaka jembamba, ukifuta yanayobaki baada ya dakika 15. Ndani usipake: hukauka polepole mno na kanga zitanuka. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa hupata joto na yanaweza kuwaka yenyewe.

Liweke mbali na jua la dirishani na upepo wa kiyoyozi, la sivyo kifuniko kitapasuka.